Hasira ya Aketch Yapewa Kazi

Uliwaona. Usikatae. Ulipita kando ya bwawa asubuhi, ukawaona akina mama wa Silanga, kule Kibera, wamesimama na ndoo zao mbele ya mabati mapya. Ukajiambia hayo ni mambo yao. Ukainamia simu yako kama mtu aliyeitwa na jambo kubwa. Jioni ukanunua sukuma wiki kwa mmoja wa akina mama hao hao, ukanung'unika kwamba fungu limekuwa dogo. Hukuuliza ni kwa nini limekuwa dogo.

Basi leo utaambiwa, na utakaa mpaka mwisho.

Mmoja wa akina mama hao anaitwa Aketch. Ana watoto wawili, Chris na Audrey. Analima sukuma wiki, managu na nduma kwenye kipande cha ardhi kando ya bwawa, pamoja na akina mama wengine wa kikundi chao. Wao wenyewe ndio waliosafisha mahali pale. Walitoa chupa, walitoa viatu vilivyooza, walitoa magodoro. Palikuwa jalala. Sasa ni shamba.

Kufika shambani kuna njia moja tu. Ni nyembamba. Inapita nyuma ya nyumba, kando ya mtaro. Watu wawili wenye ndoo wakikutana hapo, mmoja lazima ajibanze ukutani. Lakini njia hiyo ikifungwa, hakuna shamba. Na shamba likienda, Chris na Audrey watakula nini?

Akina mama walimchagua Aketch kuwa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake. Ni sauti inayovuka maji. Siku moja lori lilikuja kumwaga taka juu ya nduma zao. Aketch alisimama mbele ya lori na kupiga kelele mpaka dereva akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Tangu siku hiyo watu walimwita Spika.

"Spika akiongea, hata vyura wanazima," Lavender alikuwa akisema. Lavender ni mwanachama mdogo kuliko wote, na mdomo wake haujui likizo.

Kisha kampuni moja ikaja na mabati. Ilisema inajenga ghala jirani na shamba. Walipima, wakachimba, wakasimamisha nguzo. Kila siku nguzo zilisogea karibu na njia.

Mtu wa kampuni aliitwa Nicanor. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na maneno matamu. Alimsalimia Aketch kwa Kijaluo. Alimuuliza habari za watoto kwa majina yao.

"Mama, wewe ni kiongozi," alimwambia. "Tunaandaa semina ya viongozi wa mtaa. Mambo ya uongozi, mambo ya kuzijua hisia zako, mambo ya kukua kama mtu. Tafadhali njoo."

Aketch alienda. Kwa nini asiende? Tangu aache shule darasa la saba, hakuna aliyewahi kumwalika mahali kwenda kujifunza kitu.

Semina ilifanyika katika ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofunikwa kwa vitambaa vyeupe. Kulikuwa na chai. Mchana kulikuwa na kuku. Mkufunzi alikuwa mwanamume mwenye kipaza sauti shavuni.

"Kiongozi wa kweli anazitawala hisia zake," mkufunzi alisema. "Ukipandisha sauti, umeshindwa. Nani hapa hupandisha sauti?"

Watu wote waligeuka, wakamtazama Aketch. Wakacheka. Aketch naye alicheka, lakini masikio yake yalipata moto.

Baadaye Nicanor alimpa cheti. Juu yake paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: KIONGOZI AKETCH. Akampa pia kitabu. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamume mwenye tai, amesimama juu ya mlima, peke yake.

"Najua una kazi nyingi, mama," Nicanor alisema. "Nimekukunjia kurasa muhimu. Soma hizo tu."

Aketch alisoma hizo tu. Alisoma asubuhi kabla ya kwenda shambani, kidole kikifuata mstari. Kiongozi ni mtulivu. Kiongozi hutabasamu wakati wa shida. Kiongozi huvuta pumzi kabla ya kujibu. Aliyapenda maneno hayo. Alikitundika cheti ukutani, juu ya kitanda. Alijizoeza kuongea polepole mbele ya kioo kidogo.

"Mum, uko mgonjwa?" Chris aliuliza.

"Ninakua kama mtu," Aketch alijibu.

Wiki iliyofuata kikundi kilikutana shambani. Lavender alifika akihema.

"Mwenyekiti, umeona? Wameweka nguzo hapa, na ingine hapa. Imebaki tu ile nafasi ya njia. Wakipigilia mabati hapo, tumekwisha!"

Wote walimgeukia Aketch. Walingoja ile sauti.

Aketch alikunja mikono. Akatabasamu.

"Nimewasikia," alisema polepole. "Nawashukuru kwa kunishirikisha hisia zenu."

"Kukushirikisha nini?" aliuliza Nthenya. Huyu Nthenya ni mama mtu mzima kutoka Kitui. Anauza makaa pale Silanga na hana muda wa maneno ya mapambo.

"Hisia," alisema Aketch. "Sasa, kabla hatujaamua chochote, tuvute pumzi pamoja. Ndani. Nje."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Hakuna aliyevuta pumzi.

"Huyu ameshalishwa," Nthenya alisema. Aliinua jembe lake, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Lavender alibaki. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mathe, umebebwa," alisema. "Walikupa nini?"

Naye akaenda.

Usiwalaumu. Watu wa Kibera hawasahau. Hapo zamani watoto walikuwa na uwanja wa kuchezea. Wenye malori walipotaka kuuchukua, kijana mmoja aitwaye Osewe ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mtaa mzima ulisimama nyuma yake. Kisha siku moja Osewe alikuja mkutanoni na viatu vipya. Alitabasamu. Aliongea polepole. Alisema, "Wananchi, tuwe na subira." Leo uwanja ule ni maegesho ya malori, na Osewe anaishi mtaa mwingine. Ndiyo sababu Silanga, kiongozi mwenye kelele akinyamaza ghafla, hakuna anayedhani amesoma kitabu. Watu wanajua amenunuliwa.

Aketch hakununuliwa. Lakini alinyamaza mahali ambapo kunyamaza kuna maana moja.

Siku zilizofuata hakuna mtu aliyekuja kumpa habari. Akina mama walimpita njiani bila salamu. Nguzo zilisimama pande zote mbili za njia, kama meno mawili yanayongoja kuuma. Aketch alimwona Nicanor, akataka kumuuliza. Akavuta pumzi. Akatabasamu. Nicanor alimpungia mkono.

Jioni hiyo Audrey alirudi kutoka kuchota maji. Aliweka mtungi chini.

"Mum," alisema, "wanasema huko kwa maji ati ulikula pesa za watu wa mabati. Ni kweli?"

Aketch alikuwa akikoroga ugali. Siku nzima alikuwa mtulivu. Wiki nzima alikuwa mtulivu. Yote yale aliyoyameza yalipanda kwa mara moja. Alipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Alirusha mwiko. Ulimpata Audrey begani, na ugali wa moto ukamshika shingoni.

Audrey hakulia. Alijifuta shingo kwa kiganja. Alimtazama mama yake.

"Kwa watu wa mabati unaongea polepole," alisema. "Kelele unaleta kwetu."

Akatoka nje, akakaa mlangoni.

Aketch alitazama ule mwiko sakafuni. Alikuwa na cheti ukutani kwamba anazitawala hisia zake.

Jumamosi alimchukua Audrey, wakaenda Kawangware, kwenye kituo cha 56. Hapo kuna mwanamke aitwaye Mbula, ambaye zamani alikuwa jirani yao Silanga. Sasa ana saluni ndogo kati ya duka la rangi na duka la misumari. Aketch hakujua namna ya kumwomba mtoto msamaha. Alijua namna ya kumpeleka kusukwa.

Saluni ya Mbula ina desturi yake. Kusuka nywele huchukua saa nyingi, na saa nyingi bila kazi huzaa udaku. Mbula alichoka na udaku. Kila akienda Soko la Toi kutafuta nguo za mitumba, huchakura pia pale kwenye vitabu vya mitumba, vilivyorundikwa kando ya viatu. Huchagua vya uongozi, vya malezi, vya biashara, vya kuzijua hisia. Huvirudisha saluni. Anayesukwa husoma ukurasa kwa sauti. Wengine husikiliza. Kisha wote hukibishia kile kitabu.

Naam, hukibishia. Kama mtu aliyekaa nao pale.

"Sasa, Spika!" Mbula alisema. "Mbona uso umeanguka hivyo? Na huyu mrembo shingo imefanya nini?"

Audrey alitazama chini. Aketch alifungua mdomo kutabasamu. Tabasamu halikuja.

"Ni mimi," alisema. Kisha akasimulia yote, semina, kuku, cheti, mkutano, mwiko. Mikono ya Mbula haikusimama. Ilikuwa katika nywele za mteja aitwaye Lenah, mama mnene mwenye kicheko, aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Kitabu unacho?" Mbula aliuliza.

Aketch alikitoa kwenye mfuko wa mboga. Mbula alikigeuza, akaona kurasa zilizokunjwa.

"Nani alikunja?"

"Nicanor. Mtu wa kampuni."

"Kwa hivyo mtu anayetaka kufunga njia yako ndiye alikuchagulia cha kusoma."

Aketch hakuwahi kuliwaza hilo. Lilimwingia kama maji baridi mgongoni.

"Mpe Lenah," Mbula alisema. "Lenah, soma hapo ambapo hapajakunjwa. Anza mbele kidogo ya pale alipoacha."

Lenah alishika kitabu mbali na uso, kwa sababu miwani aliiacha nyumbani. Alisoma:

"Kuzitawala hisia si kuzificha. Mtu anayeficha hasira huibeba mpaka nyumbani, na huko huwapiga nayo wale wasiomkosea."

Audrey aliinua macho, akamtazama mama yake kwenye kioo.

Lenah aliendelea: "Hasira inapokuja, iulize: ni kitu gani changu kimeguswa? Kisha ipe kazi."

"Rudia hapo," Aketch alisema.

Lenah alirudia.

"Mbona Nicanor hakukunja ukurasa huu?" Aketch aliuliza.

"Ungekunja wewe?" Mbula alimjibu. "Huyo si mjinga. Sikiliza, mama. Watu hawa wana njia mbili. Ya kwanza ni kukunyima kitabu. Ukikipata kwa nguvu, wanakuja na ya pili, wanakusomea wao. Yote ni mamoja. Wewe unabaki na maneno ya nusu."

"Endelea, Lenah," alisema mteja mwingine.

Lenah alifunua kurasa kadhaa mbele. "Ukitaka kubadilisha maisha yako," alisoma, "badilisha fikra zako tu. Umaskini huanzia kichwani."

Saluni yote ililipuka.

"Ati kichwani!" Lenah alipiga paja. "Mimi fikra zangu ziko sawa kabisa. Ni choo cha ploti ndicho hakiko sawa!"

"Nikibadilisha fikra, mabati yataanguka yenyewe?" alisema Aketch. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kutoka kifuani.

"Hapo mwandishi ametudanganya," Mbula alisema. "Au tuseme hajui. Huenda hajawahi kufungiwa njia. Pale nyuma alisema kweli, tunachukua. Hapa amekosea, tunaacha. Kitabu si padri, Aketch. Huendi kukipigia magoti. Unakiuliza: wewe unasema hivi, je, mtaani kwangu ni hivyo? Unakisoma chote, wala hukisomi peke yako, maana peke yako ni rahisi kudanganywa. Wakiwa watu wengi, mmoja atashtuka."

"Lakini mkufunzi alisema nikipandisha sauti nimeshindwa."

"Wewe ulipolifukuza lile lori, ulishindwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa unajua unachotaka?"

"Nilitaka lirudi."

"Basi hapo hasira ilikuwa na kazi. Na juzi, kwa mtoto?"

Aketch alishusha macho. "Hapo haikuwa na kazi. Ilikuwa tu inatoka."

"Ndio tofauti," Mbula alisema. "Sauti si mbaya. Uliza inaenda kwa nani, na kufanya nini. Na ujiulize jambo lingine, usikasirike. Ulipokuwa ukitabasamu mbele ya wenzako, ndani kulikuwa na nini?"

Mashine ya kukausha nywele ilinguruma, ikanyamaza.

"Aibu," Aketch alisema. "Walinicheka kule ukumbini. Niliogopa wasinione mshamba. Na hicho cheti..." Alisita. "Hakuna mtu aliyewahi kuniandika kiongozi. Nilikipenda."

"Hiyo ndiyo akili ya hisia," Mbula alisema. "Hiyo uliyofanya sasa hivi. Umeitaja kwa jina lake. Hawakukufundisha hiyo, sivyo?"

Audrey aliposukwa, Mbula hakumpa mtoto kitabu. Alimpa Aketch. "Soma wewe. Mtoto asikie mama yake akisoma."

Aketch alisoma. Alikwama kwenye neno refu, Audrey akamsaidia. Walipotoka nje, katikati ya kelele za wauza nyanya, Aketch alisimama.

"Nilikuumiza," alimwambia Audrey. "Hukuwa na kosa. Nilikuwa na hasira na watu wengine, nikaimwagia wewe. Nisamehe."

Audrey alichezea ncha ya msuko mpya.

"Ni sawa, Mum. Lakini usirushe tena mwiko."

"Sitarusha."

"Na usiongee tena ile ya polepole. Inatisha."

Jumapili baada ya kanisa, Aketch alienda nyumba kwa nyumba. Alianza kwa Nthenya, kwa sababu huko ndiko alikoogopa zaidi. Aliwaomba wote waje njiani, pale kati ya nguzo. Wengi walikuja wamekunja uso. Lakini walikuja.

"Sikula pesa," Aketch alisema. "Lakini nilikula kuku wao. Na nilikula maneno yao. Walinisifu, nikalewa. Mlinililia, nikawaambia mvute pumzi. Nimewakosea."

Watu walitazamana. Nthenya alimkazia macho kwa muda.

"Huyo kuku," aliuliza, "alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu sana."

"Na hukutubebea hata paja!"

Lavender ndiye aliyeanza kucheka. Kikundi chote kikafuata.

Kisha Aketch akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mwenyekiti. Alikaa chini, akauliza kila mmoja, na hakumkatiza mtu.

"Nyinyi mnasikiaje? Msiniambie tufanye nini kwanza. Niambieni kilicho ndani."

Lavender alisema ana woga. Mzee wa ploti anayopanga alimwambia akionekana kwenye mambo haya atahamishwa. Aketch hakujua. Nthenya alisema yeye haoni woga, ana uchovu. Alipigania uwanja ule wa watoto, Osewe akawauza, na hataki kuuzwa tena.

"Hapo ndipo tulikosea sote," Aketch alisema. "Tulimpa mtu mmoja sauti yetu yote. Wakampata yeye, wakatupata wote. Hata mimi ningewauza bila kujua. Kuanzia leo siendi kwa kampuni peke yangu. Anayetaka kuongea na sisi aje hapa, mbele ya wote. Na msemaji abadilishwe kila mkutano. Watanunua wangapi?"

"Na hicho kitabu?" Nthenya aliuliza. "Kichome."

"La. Tutakisoma," Aketch alisema. "Chote. Hapa. Na Mbula atatuletea vingine."

Hata Nthenya, asiyejua kusoma, alikubali. "Mimi nitabisha tu," alisema. "Kubisha najua."

Jumanne asubuhi mafundi walikuja na mabati ya mwisho. Msimamizi wao aliitwa Wakoli. Walikuta njia imejaa. Akina mama walikuwa wamepindua ndoo, wamezikalia, kutoka nguzo hadi nguzo. Lavender alikuwa akisoma kwa sauti. Alikuwa amefika sura ya kusikiliza watu.

"Mama, samahani," Wakoli alisema. "Tuko na kazi."

"Hata sisi tuko kazini, kijana wangu. Tunasoma," Nthenya alijibu. "Kaa. Tuko pazuri."

Mafundi walitazamana. Mmoja alikalia rundo la mabati. Mwingine akafuata. Lavender aliposoma kwamba kiongozi mzuri huwauliza watu kabla ya kuamua, Nthenya alidakia, "Uliza hao wa kampuni kama walituuliza!" Mafundi wakacheka.

Nicanor alifika. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

"Mama Aketch," alisema kwa upole. "Si tulikubaliana kuhusu utulivu?"

"Nimetulia," Aketch alisema. "Huoni nimekaa?"

"Tuongee kando kidogo. Mimi na wewe. Kama viongozi."

Hapo Aketch aliisikia. Hasira ilipanda kutoka tumboni. Safari hii hakuimeza, na hakuiacha imwagike. Aliiuliza: ni kitu gani changu kimeguswa? Jibu lilikuja haraka. Njia. Shamba. Chakula cha watoto. Na heshima ya watu hawa waliokaa juu ya ndoo.

Alisimama.

"Hakuna kando," alisema. "Kama una neno, liseme hapa. Nami nitakwambia langu. Nina hasira, Nicanor. Nakwambia wazi usije ukasema sikukwambia. Nina hasira kwa sababu unafunga njia tunayopita kwenda kutafuta chakula, na ulinipa kuku ili nisione. Sasa nitapandisha sauti. Sipandishi kwa kushindwa. Napandisha ili watu waje."

Akageukia nyumba. Akavuta pumzi, ndani kabisa. Kisha ikatoka.

"SILANGAAA! NJIA INAFUNGWA! TOKENI!"

Ilivuka maji. Wauza makaa walitoka. Wauza mboga walitoka. Mafundi wa viatu walitoka na viatu mkononi. Wazee walitoka na vikombe vya chai. Hakuna aliyerusha jiwe. Aketch alikuwa amewaambia mapema, na wenyewe walijua sababu: jiwe moja tu, na kesho wangeitwa wahuni, na habari za njia zingeisha hapo. Walisimama tu. Walijaza njia, wakajaza kando ya mtaro, wakamtazama Nicanor.

Nicanor alimgeukia Wakoli. "Piga misumari."

Wakoli aliweka nyundo chini.

"Bosi, nipigilie mama nani? Hata sukuma ya kwangu inatoka hapa."

Nicanor alijaribu kutabasamu. Hakukuwa na mtu wa kulipokea tabasamu lile. Aliingia kwenye gari lake, akaenda.

Kampuni haikuhama. Usidanganywe na hadithi zinazoisha kwa adui kutoweka. Walirudi, wakaita watu wachache ofisini. Hao wachache walikataa kwenda. Mwishowe ikabidi wakubwa wa kampuni waje wenyewe shambani, wakasimama kwenye matope, wakasikiliza mbele ya wote. Siku hiyo msemaji alikuwa Lavender. Woga alikuwa nao bado, lakini alisema yote. Nguzo ziling'olewa, zikarudishwa nyuma. Njia sasa ni pana. Watu wawili wenye ndoo wanapishana bila kubanana.

Chris alikishusha kile cheti ukutani. Aketch alikitumia kufunika chungu cha maji, ni karatasi ngumu, nzuri kwa kazi hiyo. Nyumbani kwake bado kuna siku za kelele. Lakini akihisi inapanda, husema, "Chris, Audrey, leo nina hasira, na si yenu." Hutoka nje kidogo, hurudi. Mwiko umebaki kwenye sufuria.

Kila Alhamisi kikundi husoma shambani. Mbula huja na vitabu kutoka Toi. Nthenya anajifunza herufi, na anabishana nazo pia.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa? Usiniambie hadithi imekugusa moyo. Moyo wako sina kazi nao ukibaki umekaa kitini. Mahali unapoishi kuna kisima, choo, njia, uwanja au darasa ambalo mtu analizungushia mabati leo hii, na kuna mtu mpole anayekwambia utulie. Inuka sasa hivi. Gonga mlango wa jirani wa kulia, kisha wa kushoto. Tafuteni kitabu kimoja cha uongozi, hata kiwe cha mtumba, hata kiwe hakina jalada. Kisomeni chote kwa sauti, mbele ya watu, mkibishie. Tajeni hasira yenu kwa jina. Halafu chukueni ndoo, mkakae kwenye pengo kabla fundi hajafika.

Nenda. Mlango wa jirani uko wazi.